Jumatatu Walipotuletea Yazid

Kijiwe chetu kipo Mwananyamala, kwenye kona ya duka la Mzee Matar. Ni benchi mbili za mbao na ndoo ya rangi iliyogeuzwa kichwa chini, basi. Mie ni Nikodemu, fundi cherehani, na mashine yangu ipo barazani hapo hapo, kwa hiyo kijiweni nipo hata siku nisizotaka. Ikishaswaliwa alasiri Stephano anafika na birika lake na sahani ya kashata, anapanga vikombe, na wazee wanaanza kuitengeneza nchi. Alhamisi hii ninayoisimulia hapakuwa na habari nyingine zaidi ya Yazid, mtoto wa Hamida, miaka kumi na minne, aliyekamatwa Jumatatu na simu ya mtu mfukoni. Wenzake wawili wakubwa walitimua mbio, yeye akabaki nayo. Tulishasikia kwamba kituoni kaandikwa ana miaka kumi na tisa na analazwa na watu wazima. Niseme mapema kabisa kwamba sie ndio tuliosababisha, maana wenzangu hawatasema.

Kijiwe chetu kina kanuni moja. Mtu msiyemjua akija kumuulizia mtu wa mtaa huu, jibu ni "hatumjui". Hakuna kutazamana, hakuna kufikiri. Kanuni hiyo imemwokoa Leonardi alipotafutwa na mashemeji zake, ikamwokoa Gaspar na mgambo, hata mie imewahi kunisitiri kwa bwana harusi mmoja ambaye suti yake ilikuwa bado kitambaa. Tunajivunia. Jumatatu jioni difenda ya polisi ikasimama mbele yetu, Yazid akateremshwa, ana pingu. Askari akauliza, "Wazee wangu, huyu dogo mnamjua?" Yazid mwenyewe akasema, "Shikamooni." Hatukuitikia. Shikamoo hata ya mpita njia huitikiwa, lakini tuliona tukiitikia tutakuwa tumeshamtambua. Mzee Matar akasema hatumjui. Leonardi akasema hatumjui. Gaspar akasema hatumjui huyo, labda wa mtaa wa pili. Mie nilikuwa nimeshika suruali ya mtu, nikatikisa kichwa. Stephano alikuwa amekwenda kujaza maji. Difenda ilipoondoka tulipongezana, kwa sababu Gaspar alituhakikishia kwamba mtu asiyetambuliwa hashitakiwi.

Huyo Gaspar tunamwita Kifungu. Alifagia mahakamani miaka sita, na sheria zote anazozijua alizisikia akiwa na ufagio mkononi. Leonardi ni Profesa. Ni Mmakonde, anachonga vinyago na kuviuza kwenye hoteli za Mbezi Beach, na uprofesa wake ni miwani tu. Mzee Matar hana jina la utani. Benchi ni zake na baraza ni lake, nani atamtania.

Stephano alimimina kikombe cha kwanza, akampa Mzee Matar kwa mikono miwili.

Stephano: Kwa hiyo wazee, nani kaenda kituoni?

Mzee Matar: Kahawa yako leo nyepesi.

Stephano: Mzee wangu, nauliza nani kaenda kumsemea yule dogo.

Kifungu: Kituoni hakuendwi hivi hivi, Stefu. Kuna taratibu. Kwanza tujadili chanzo. Mtoto anaharibikaje? Ukishajua chanzo, mengine mepesi.

Profesa: Chanzo mie nakijua. Jando. Sie kule Newala ukifika umri unaingia jandoni, unakaa mwezi mzima porini, unafundwa, unarudi mtu. Siku hizi mtoto anapelekwa hospitali saa tatu, saa nne yupo nyumbani anakula chipsi. Kakatwa, lakini hajafundwa!

Mzee Matar: Wewe ulifundwa?

Profesa: Mwezi mzima, Mzee Matar!

Mzee Matar: Na mashemeji zako bado wanakutafuta.

Profesa: Hiyo ishu nyingine kabisa.

Mzee Matar: Umesema chipsi. Hapo umegusa. Yale mafuta wallahi yanachemka tangu asubuhi mpaka watu wanalala, kesho yanachemka tena yale yale. Mtoto anakula, damu yake inapata moto. Sie tulikula muhogo, ukishiba unalala. Huyu kala chipsi mayai, atalala saa ngapi? Lazima atoke akatafute fujo.

Kifungu: Lakini viazi si wananunuaga dukani kwako?

Mzee Matar: Mie nauza viazi. Sijamwambia mtu avikaange.

Stephano alicheka peke yake, halafu akaacha. Mie nilikuwa nafungua mshono wa gauni na sindano ilikuwa inanichoma vidole, maana akili haikuwepo pale.

Kifungu: Tatizo ni majirani. Zamani mtoto akifanya ujinga, jirani anamchapa, anampeleka kwao, anachapwa tena. Siku hizi jirani anapita tu, anaangalia simu yake. Jirani amekufa, jamani!

Mie: Jirani wa Yazid nani?

Kifungu: Unasemaje, Fundi?

Mie: Nauliza jirani yake nani. Nyumba moja, kibaraza kimoja. Wewe chumba cha tatu, yeye na mama yake cha tano.

Kifungu: Mie naongelea majirani kwa ujumla.

Profesa: Turudi kwenye hoja. Muziki wa singeli nao. Mmewahi kuhesabu yale mapigo? Yanakwenda mbio kuliko moyo wa mtu. Sasa moyo wa mtoto unayafuata. Mtoto mwenye moyo wa singeli utamkalisha darasani na hesabu za sehemu? Atatoka dirishani!

Mzee Matar: Alaa! Lakini tatizo linaanza kabla ya hapo. Linaanza kwenye pampasi.

Profesa: Pampasi tena?

Mzee Matar: Pampasi. Sie tulivalishwa nepi za kitambaa. Ukikojoa unasikia baridi. Ukiwa na miezi mitatu umeshajua kwamba ukifanya jambo, litakurudia. Hawa wa sasa wamekojoa miaka miwili wakiwa wakavu. Leo unamwambia usiibe, utapata taabu. Taabu gani? Haijui.

Hoja ilikuwa nzito. Kifungu alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo ili apate nguvu za kuishinda.

Kifungu: Mie nawaambia ni mbwa.

Profesa: Mbwa wamefanya nini?

Kifungu: Wameondoka. Huu mtaa tulipohamia ulikuwa na mbwa kila kona. Mtoto akitoka usiku anafukuzwa, anarudi ndani analia. Hapakuwa na mtoto jambazi, alikuwa atapita wapi? Mbwa wakaisha, watoto wakatoka. Andikeni tarehe, mtaona vinalingana.

Profesa: Basi na mie niseme la mwisho. Mie nachonga mpingo. Kuna gogo ukilishika tu unajua hili litapasuka, hata ulichonge vipi. Lina ufa ndani tangu lilipokuwa mbegu. Yazid alizaliwa na ufa.

Hapo ndipo nilipokasirika. Niliweka gauni chini. Yule mtoto nimemshonea sare tangu darasa la kwanza. Januari hii nilimshonea suruali ya kidato cha kwanza nikamwachia pindo refu, kwa sababu bado alikuwa anarefuka. Alisoma muda mfupi tu, halafu tukaanza kumwona hapa saa nne asubuhi na sare yake, anazunguka zunguka mbele ya duka. Hakuna aliyemuuliza mbona hayupo shule. Mzee Matar alimtuma vocha, Profesa alimtuma msasa, mie nilimtuma uzi mweusi, na kila alipochelewa tulimgombeza. Alikuwa anakaa pale kwenye ndoo anasikiliza mazungumzo yetu mpaka jioni. Kama kulikuwa na ufa, basi tuliutazama kila siku.

Mie: Profesa, huo ufa uliuona lini? Alipokuwa anakuletea msasa?

Profesa: Fundi, usinichukulie hivyo. Tunajadili kitaalamu.

Stephano: Mie naomba kuuliza, wazee wangu. Hivi hakuna mahakama ya watoto?

Hapo Kifungu alikaa vizuri, akajifuta midomo. Hilo lilikuwa swali lake.

Kifungu: Ipo! Nilishaifagia. Mtu chini ya miaka kumi na nane ana mahakama yake. Hakimu hapandi juu kama kule kwingine, mnakaa chumba cha kawaida, watu wa nje hawaingii. Anakuwepo mzazi, anakuwepo afisa ustawi wa jamii. Yule afisa anaandika ripoti: huyu mtoto anaishi na nani, anasoma wapi, kimemsibu nini. Halafu wengi wanarudishwa kwao, afisa anakuwa anawafuatilia. Hata akizuiwa, anazuiwa na watoto wenzake. Sheria ile nzuri sana, bana. Nilikuwa nikifagia pale nasimama nasikiliza.

Stephano: Sasa Yazid mbona hayupo huko?

Kifungu: Si kaandikwa kumi na tisa. Ana mwili.

Stephano: Na nani anaweza kwenda kusema si kumi na tisa?

Kifungu: Mtu mzima yeyote anayemjua. Mzazi, jirani, mwalimu, hata fundi aliyemshonea nguo. Anakwenda, anasema mie namjua huyu, ni mtoto wa fulani, ana miaka fulani. Wanamhamisha.

Alilisema hilo kwa furaha kabisa, kama mtu aliyejibu mtihani. Halafu akasikia alichokisema. Wote wakanitazama mie, na mie nikatazama mashine.

Mie: Nikaseme nini? Jumatatu simjui, Alhamisi namjua?

Kifungu: Hapo pagumu. Kumdanganya askari ni kosa. Kifungu cha mia tatu na kitu. Unaweza kuingia wewe, dogo akatoka.

Stephano: Si ndo vizuri, dogo atoke?

Kifungu: We Stefu, usiongee kitoto.

Mzee Matar: Mie nina leseni ya duka, mwanangu. Umri huu sitaki maneno na serikali. Ningekuwa kijana ningekwenda.

Profesa: Na mie ni mgeni hapa.

Mie: Mgeni? Una miaka thelathini hapa!

Profesa: Kwetu Newala.

Mzee Matar: Tusigombane. Kesho asubuhi tunakwenda sote, kwa pamoja. Tukiwa wengi watatusikiliza.

Stephano: Jana mlisema kesho. Na juzi.

Stephano akaliweka birika chini. Huyu ni kijana wa Songea, mpole, hana hata mwaka hapa mtaani, na sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Stephano: Basi nitakwenda mie.

Kifungu: Unamjua kwao?

Stephano: Hapana. Namjua hapa hapa tu, alikuwa ananisaidia kuosha vikombe.

Kifungu: Mama yake anaitwa nani?

Stephano: Sijui, mzee.

Kifungu: Kazaliwa mwaka gani? Una kitambulisho cha taifa?

Stephano: Bado sijapata.

Kifungu: Basi mimina kahawa.

Akamimina. Naona aibu kuandika hili, lakini nilipokea kikombe changu nikanywa. Tulikuwa watu wazima wanne, kila mmoja anajua mama yake Yazid ni nani, anajua mtoto kazaliwa mwaka gani, na kituo ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Aliyekuwa tayari kwenda ni yule mmoja asiyejua kitu.

Profesa alikuwa ameshaanza hoja ya maji ya visima, kwamba yana chumvi inayokausha adabu, nikamwona Hamida anakuja. Hamida anafanya kazi za ndani Mbweni, kwa watu, analala huko huko na hurudi kila baada ya Jumapili moja. Siku za kazi simu yake inakaa kwa bosi wake, imezimwa. Sasa ilikuwa Alhamisi, na alikuwa amevaa sare ya kazi, ile ya bluu yenye kola nyeupe. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi.

Hamida: Shikamooni.

Tuliitikia wote wanne kwa mpigo, marahaba, marahaba mwanangu, karibu, kaa. Mzee Matar akasogea kumpisha. Hakukaa.

Mzee Matar: Hamida mwanangu, tulikuwa tunaliongelea jambo lako hapa sasa hivi. Kesho asubuhi tunakwenda kituoni, sote. Tutamsemea mtoto.

Hamida: Hayupo kituoni, Mzee Matar. Kapelekwa mahakamani leo asubuhi.

Kifungu: Ipi? Ya watoto?

Hamida: Ya kawaida. Nimepata habari leo saa tatu, mfanyakazi wa jirani ndo kaniambia. Nimefika saa sita, wameshamaliza. Karani kanihadithia. Kasomewa shitaka, akaulizwa una miaka mingapi, kasema andikeni mnavyotaka. Wakaacha ile kumi na tisa. Akaulizwa simu ulichukua, kasema ndiyo. Miaka miwili.

Profesa: Miwili!

Hamida: Gereza la wakubwa.

Hakulia. Alikuwa anaongea kama mtu anayesoma karatasi. Mzee Matar akaanza kusema inna lillahi, akaishia katikati.

Kifungu: Hamida, sikiliza, dada yangu. Kuna rufaa. Ipo ndani ya siku kadhaa, unaandika notisi, unapeleka cheti cha kuzaliwa, mie napajua pa kuanzia, nilikuwaga pale—

Hamida: Karani kaniambia. Cheti sina, kadi ya kliniki ilikwenda na yale mafuriko. Nitahangaika nayo. Sikuja kwa hilo, kaka Gaspar.

Kifungu: Umekuja kwa lipi?

Hamida: Nimemwona. Wamenipa dakika chache kabla hawajampakia. Nikamwambia mwanangu, kwa nini hukusema umri wako? Kwa nini hukusema una watu? Akaniambia alisema.

Mie: Alisema wapi?

Hamida: Jumatatu. Kuna askari alimhurumia. Kamwambia, we dogo naona ni mtoto, una mtu mzima anayekujua? Akikutambua tu tunakuandika mtoto, unakwenda kwa wenzio. Namba yangu wakapiga, haipatikani. Ndo akawaambia nipelekeni Mwananyamala, kwa wazee pale dukani kwa Mzee Matar, wale wote wananijua. Mmoja ananishoneaga sare.

Sikumbuki nani aliangusha kikombe. Siku nne tulikuwa tunasimulia jinsi polisi walivyotuletea mtoto ili tumuuze, na jinsi tulivyowashinda akili. Kumbe si wao waliomleta. Yeye ndiye aliyewaleta wao. Aliteremka kwenye ile difenda akijua amefika kwao. Alitusalimu, akasubiri, akatutazama mmoja mmoja, na mie kichwa changu mwenyewe nilikitikisa.

Profesa: Dada Hamida, sie tulitaka kumwokoa. Ile ni kanuni ya hapa, hata yeye anaijua—

Hamida: Mimi sijaja kuwalaumu, kaka. Sina hata nguvu. Nimeagizwa.

Mzee Matar: Umeagizwa nini, mwanangu?

Hamida: Yazid. Hakuomba chakula, hakuomba nguo. Kasema, mama, ukirudi nyumbani pitia kijiweni. Kawaulize wale wazee, niliwakosea nini?

Mzee Matar alivua kofia yake akaishika mapajani. Profesa alivua miwani akawa anaifuta kwa shati, anaifuta tu. Mie nilitafuta kosa moja la yule mtoto, hata dogo, hata siku moja aliyonichelewesha uzi, ili nami niwe na cha kujibu. Sikulipata. Stephano alikuwa ametugeuzia mgongo, anakusanya vikombe.

Hamida: Wiki ijayo nikipata ruhusa nakwenda kumwona. Najua ataniuliza. Nimwambie mmesemaje?

Alisubiri akiwa amesimama. Alipochoka akakaa, pembeni kabisa ya benchi, mikono juu ya ile sare ya bluu, akatutazama. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, na hata Mzee Matar, ambaye hakosi msikitini, hakuinuka, kwa sababu ili ainuke ilibidi apite mbele yake. Tulikaa hivyo mpaka giza likaingia, na Hamida alipoondoka tulikuwa bado hatujamjibu.